Unga wa Nguvu

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa opereta wa simu katika ofisi moja ya serikali upande wa bandarini. Kazi yangu ilikuwa kuchomeka nyaya: anayemtaka mkurugenzi namuunganisha na mkurugenzi, anayetaka uhasibu namuunganisha na uhasibu. Wengi wa watu hao sikupata kuwaona kwa macho, lakini sauti zao nilizijua. Nilijua nani ana mafua, nani ameamka kwa ugomvi, nani anaagiza iambiwe hayupo na hali yupo. Masikio yangu yalikuwa na kazi mchana kutwa, na mikono nayo, na nikirudi nyumbani nilikuwa nimechoka uchovu wa haki.

Halafu zikaja simu za mkononi. Kila mkuu akawa na yake mfukoni. Asubuhi moja wakaja mafundi wawili wakaung'oa ubao wangu ukutani, wakaushusha ngazi huku wakilalamikia uzito wake. Mimi nikapelekwa masjala kutunza mafaili ambayo aghalabu hayaulizwi na mtu.

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nimeachwa zamani bila ya mtoto, nakaa na mama yangu ghorofa ya juu ya nyumba ya marehemu babu ambayo ndugu hawajamaliza kugawana. Masjala ndiko nilikoanza kunenepa, na ndiko nilikoanza kukosa utulivu. Nikikaa nataka kusimama. Nikisimama sijui niende wapi. Nilikuwa nachoka bila ya kufanya kitu, na uchovu wa namna hiyo hauondoki kwa kulala.

Siku hizo ilikuwa imefunguliwa jimu katika ghala moja la zamani, vichochoro vitatu kutoka kwetu. Wanaume walikuwa na asubuhi na usiku, na sisi wanawake tulikuwa na siku tatu za wiki, baada ya sala ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Unaingia, pazia linashushwa, mabuibui yanatundikwa kwenye misumari. Vyuma vingine vilikuwa vya dukani, vingine vilikuwa mabomba yaliyochomekwa kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Kulikuwa na baiskeli mbili zisizokwenda popote.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, wazee wake wametoka bara siku nyingi. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, na alicheza netiboli mpaka goti likamkatalia. Hakupiga kelele. Alikuwa akisimama nyuma yako na kukuhesabia kwa sauti ndogo, na ukitaka kuacha hesabu haijatimia hakukukataza, ila aliendelea kuhesabu.

Mwezi wa kwanza nilikwenda mara nne tu. Natoka nyumbani na hamu yangu, nikifika kwenye kona ya duka la kanga imeshakwisha. Nikamwambia mdogo wangu kwenye simu. Yeye ameolewa Maskati, na huko alikuwa akienda jimu na mashoga zake.

"Mwili wako hauna kosa, dada," akaniambia. "Unakosa cha kukuwasha. Sisi huku tunakunywa unga nusu saa kabla ya mazoezi. Ntakuletea."

"Dawa?"

"Si dawa. Unga wa nguvu tu. Kijiko kimoja na maji."

Ulifika na mtu aliyekuja likizo, pamoja na viatu vya raba na mafuta ya nywele. Lilikuwa kopo jeusi, kubwa kama la rangi, na juu yake picha ya mwanamme kifua wazi, mishipa imemsimama mpaka shingoni. Mama yangu hakuruhusu nyumbani kwake hata kalenda yenye picha ya mtu. Nikaona taabu ya kumueleza. Jikoni kulikuwa na kopo tupu la unga wa sharubati ya machungwa, na unga wa mdogo wangu nao ulikuwa na rangi na harufu ya machungwa. Nikamimina humo mpaka likajaa, nikaliweka juu ya kabati nyuma ya makopo ya viungo. Lile jeusi, lenye unga uliosalia wa kujazia, nikalizungusha kanga na kulitia chini ya nguo zangu. Sikuiona kuwa ni hila. Niliiona kuwa ni amani ya nyumba.

Siku ya kwanza nilikunywa nikashuka ngazi. Nilipofika ghalani masikio yalianza kuniwasha, kisha midomo, kisha migongo ya mikono, kama mtu aliyepakwa upupu. Nikasimama kwenye pazia nikasoma dua ninazozijua. Lakini muwasho ukapita, na nyuma yake kikaja kitu ambacho sijakipata tangu ubao wangu ung'olewe. Kila kitu kilikuwa wazi. Niliusikia mnyororo wa baiskeli, nilimsikia muuza samaki nje, na nilisikia pumzi ya kila mwanamke mle ndani. Nikanyanyua lile bomba lenye makopo mawili ambalo nilikuwa silithubutu.

"Leo umekula nini, dada?" mwalimu akaniuliza.

"Muhogo," nikasema.

Tangu siku hiyo sikukosa. Wiki ya tatu mwalimu akawa ananisimamisha mbele. "Mtazameni huyu," alikuwa akiwaambia wenzangu. "Alianza hapa hawezi kupanda baiskeli." Nami nilikuwa nikitazama sakafu kama mtu mnyenyekevu. Alikuwapo mwanamke mmoja, mwalimu wa skuli, tuliyeanza naye siku moja. Yeye alikuwa palepale kwenye kopo moja. Aliniuliza mara mbili nafanya nini. Mara zote mbili nilimwambia ni nia tu.

Kijiko kimoja kikaacha kutosha, nikaongeza cha pili. Kisha nikaanza kunywa asubuhi pia, siku zisizo za jimu, kabla ya kwenda kazini. Pale masjala niliyatoa mafaili yote kwenye rafu nikayapanga upya kwa siku nne, kwa utaratibu niliouona ni bora. Mkuu wangu alifurahi. Baada ya hapo ikawa halipatikani faili hata moja nisipokuwepo mimi, na furaha yake ikapungua. Nyumbani nilishusha mapazia nikayafua, nikasugua sinia za shaba mpaka vidole vikachubuka. Usiku nilikuwa nalala macho wazi, moyo unagonga kwenye godoro. Na siku nikichelewa kunywa, nilikuwa siwezi kuinua hata kikombe.

"Una nini wewe?" Mama aliniuliza siku moja. "Wazunguka kama kuku anayetaka kutaga."

"Mazoezi, Mama. Mwili umechangamka."

"Mwili uliochangamka hulala," akasema.

Sasa nieleze siku yenyewe. Ilikuwa Alkhamisi. Mimi nilikwenda jimu, na kwa Mama akaja shoga yake wa nyumba ya pili, bibi mshona kofia. Kofia zake zilikuwa zikiagizwa na watu wanaotaka kuoa, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa sindano. Alikuwa mzito na ana presha ya siku nyingi, kila siku anameza dawa. Wakikutana hao wawili hunywa chai, lakini siku hiyo joto lilikuwa kali. Mama akanyoosha mkono juu ya kabati, akaliona kopo la sharubati ya machungwa, na akashukuru kuwa limejaa. Akatengeneza jagi zima kwa vijiko vyake vya kulia, kwa jicho, kama anavyotengeneza siku zote. Akaonja, akaona kuna uchungu kidogo, akaongeza sukari.

Niliporudi nilisikia vishindo juu ya paa tangu nipo ngazini. Mama yangu, ambaye kwa miaka mingi hakupanda hata kuanua nguo kwa ajili ya magoti yake, alikuwa juu anapiga magodoro kwa mwiko. Nikamwita.

"Naam," akajibu kutoka huko juu, kwa sauti ya msichana.

Ukumbini shoga yake alikuwa kwenye kiti cha mikono, mtandio umemshuka, kiganja kifuani. Ubani ulikuwa unafuka mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa anahema. "Uso wantambaa. Masikio yawaka moto. Na moyo wankimbia, siukamati."

Mama akashuka, jasho linamtiririka, macho yamemkaa wazi. "Nami umentambaa uso," akasema. "Mimi muwasho umenpita, yeye haumpiti. Kuna mtu katutupia jambo humu ndani. Nshamtuma mtu akamwite shehe aje atusomee."

Nikaitazama meza. Jagi lilikuwa limebaki kidogo chini, na gilasi mbili tupu, kingo zake rangi ya machungwa.

Nataka niseme kweli hapa, kwa sababu hili ndilo lililonisumbua zaidi ya yote yaliyofuata. Nilijua mara moja. Na baada ya kujua, nilinyamaza. Nikafikiri: shehe atakuja, atasoma, moyo utatulia wenyewe kama wangu unavyotulia, na wao watabaki na jini lao, na mimi ntabaki na unga wangu. Nilisimama na wazo hilo muda wa mtu kuvua viatu. Kisha yule bibi akaupeleka mkono hewani kutafuta kitu cha kushika, na hakukipata.

"Si jini," nikasema. "Mama, si jini. Ni kile kilichomo koponi. Si sharubati. Ni unga wangu mimi, wa mazoezi. Lazima aende hospitali sasa hivi."

Mama alinitazama. Alikwenda dirishani akawaita watu chini.

Ngazi za nyumba zetu hazikujengwa kwa kumteremsha mgonjwa. Ni nyembamba, zimesimama kama ukuta, na katikati zina kona. Walipanda wanaume watatu kutoka kichochoroni, na kiti kina miguu minne, nami nikaushika wa nne. Mmoja wao akaniambia niuachie, aitwe mwanamme mwingine. Nikamwambia hakuna wakati. Nilitangulia chini, uzito wote wa mbele ukaja kwangu, na pale konani mgongo wangu ulibanwa na ukuta nikahisi chokaa inaingia kwenye nguo. Yule bibi alinishika bega. Alikuwa akinong'ona, "Taratibu, mwanangu, taratibu," kama anayemwelekeza mtu kutunga uzi. Sijui nguvu zile zilikuwa za unga au za hofu. Tulimfikisha barabarani bila ya kumtua.

Hospitalini daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Akapima presha, akapima tena. Akaniuliza amekunywa nini. Nikampa kopo nililokuwa nimelibeba kwapani.

Akalisoma. "Hii ni sharubati."

"Sivyo. Nilibadilisha kopo."

"Kwa nini?"

Hakungoja jibu. Akasema anataka kopo la asili, aone kilichoandikwa. Nikatoka mbio. Nilipita vichochoroni na buibui nimelikunja mkononi, watu wakinipisha wakidhani kuna msiba, nikapanda zile ngazi, nikalitoa kopo jeusi kwenye kanga, nikarudi. Mimi ambaye miezi mitatu nyuma nilikuwa nikipumzika mara mbili kabla ya kufika sokoni. Njia nzima sikuona fahari yoyote katika hilo.

Daktari akasoma upande wa nyuma wa kopo polepole, kidole kwenye mistari. "Kahawa," akasema. "Yaani kile kilichomo katika kahawa, lakini kingi. Ni kama ungemkalisha barazani, ukampa kahawa ya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Na kuna vingine sivijui. Mtu wa presha hata kukinusa hiki asikinuse. Wewe unakunywa?"

"Nakunywa."

Akanivuta mkono akanipima na mimi. Alipomaliza aliandika kitu, akasema, "Umebahatika. Acha leo."

Walimlaza mpaka kesho yake. Watoto wake walikuja, nikawaeleza mmoja mmoja, na kila mmoja ilibidi nimwambie tena tangu mwanzo habari ya kopo. Binti yake mkubwa alinisikiliza, kisha akaniomba niondoke pale mlangoni. Nikakaa kwenye benchi la nje. Alfajiri ndipo yule bibi mwenyewe aliponiita ndani.

Alikuwa amelala chali, moyo umeshuka, sauti imerudi. Nikaanza kumuomba radhi. Akanikatiza.

"Wewe ulikuwa ukikinywa cha nini?"

"Nlikuwa nataka nipate hamu, bibi."

"Hamu ya nini?"

Nikafungua mdomo. Niliona jibu liko karibu, nikalitafuta: hamu ya jimu, hamu ya kazi, hamu ya kupungua mwili. Hakuna hata moja iliyosimama. Yule bibi alinisubiri kwa uungwana, na alipoona sijibu akafumba macho. "Hamu bila ya jambo," akasema, "ni njaa tu, mwanangu." Kisha akalala.

Nyumbani Mama hakusema nami kwa siku tano. Alikuwa akiweka chakula mezani na kuondoka. Siku ya sita akaja kusimama mlangoni kwangu. "Unga haukuniudhi," akasema. "Ungenambia, ningekukataza, tungegombana, yangekwisha. Wewe umelifanya kopo langu liseme uongo. Nami nimempa shoga yangu kwa mkono wangu." Nikambusu mkono. Akauacha mkono wake hapo kidogo, kisha akasema kwa sauti nyingine, kana kwamba ukuta utasikia, "Lakini kule juu ya paa nimeona bahari. Nlikuwa nshaisahau ilivyo kutokea pale."

Unga uliobaki niliumwaga chooni. Kichwa kiliniuma kwa siku nne, kikiniuma mpaka kwenye meno, na nikalala usingizi mzito wa mchana kama mtoto mwenye homa. Kazini nilikaa mbele ya mafaili yangu yaliyopangwa vizuri na nikalia, bila ya sababu ninayoweza kuitaja.

Jimu nilirudi baada ya wiki mbili. Nikalishika lile bomba la makopo mawili, halikuondoka sakafuni. Nikashika la kopo moja. Mwalimu alisimama nyuma yangu, nami nikamwambia yote, nikiwa nimempa mgongo.

Kisha akasema, "Nilikuwa nawaambia wenzako wakuige."

"Najua."

"Yule mwalimu wa skuli ameacha. Alinambia mwili wake haufai, kwa sababu mlianza siku moja." Akanizunguka akaja mbele. "Mimi sikukasirikii unga. Watu wanakunywa, watakunywa. Lakini yule dada alikuuliza."

Nilimfuata mwalimu wa skuli nyumbani kwake, Kikwajuni, jioni ile ile. Alinikaribisha ndani, akanisikiliza akiwa na rundo la madaftari mapajani na kalamu nyekundu mkononi. Nilipomaliza alicheka kidogo, si kwa furaha. "Nia tu," akasema. Aliendelea kusahihisha. Nikamwambia namngoja Jumatatu kwenye kopo moja. Jumatatu hakuja, wala wiki ile. Alikuja mwezi uliofuata, akachukua baiskeli ya mbali na yangu, na ilichukua muda mrefu kabla hatujawa watu wa kuzungumza.

Ofisini nilikwenda kwa mkuu nikamwambia masjala itaniua. Nikamwambia ninachokijua ni watu na sauti zao. Alinitazama kama aliyeniona mara ya kwanza, pengine kwa sababu alikuwa ameshachoka kutafuta mafaili. Baada ya miezi wakanipa meza ya chini, mlangoni, pale wanapoingia wenye shida zao na hawajui waende chumba gani. Si kazi kubwa. Watu hunikasirikia mimi kwa makosa ya wengine. Lakini saa zinakwenda.

Na bibi mshona kofia aliamriwa na daktari atembee kila asubuhi. Watoto wake walikuwa makazini, basi akatuma mtu kuniita. Nilidhani ananiita kunisema. Alikuwa ameshavaa buibui, ameshika mkoba mdogo.

"Si wewe mtu wa mazoezi?" akasema. "Nitembeze."

Tulikuwa tukitoka baada ya sala ya alfajiri, kupita mbele ya maduka yaliyofungwa mpaka ufukweni na kurudi. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayehesabu mawe. Alisimama kwa kila anayemjua, na aliwajua wote: habari za nyumbani, habari za mgonjwa, habari za yule aliyesafiri, na kuku je. Mimi nilikuwa nikitangulia hatua tatu, nikikumbuka narudi. Natangulia tena. Miguu ilikuwa inaniwasha kwa kutaka kwenda, na kulikuwa hakuna pa kwenda ila hapo alipo yeye. Siku moja aliniona ninavyohangaika pale pembeni, akamuaga mtu aliyekuwa akisema naye, akanipa mkono wake niushike.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Siendi popote, bibi."

"Basi njoo huku," akasema, na tukaanza kumsalimia muuza mkate.